Rangi Iliyobaki: Hesabu za Kukusanya Rivolva za Kale za Marekani

Mwaka 1878 kiwanda cha Colt cha Hartford, Connecticut, kiliingiza sokoni rivolva kubwa ambayo nyundo yake hujipandisha yenyewe mtu akivuta kifyatulio. Uzalishaji wake ulipokoma mwaka 1905, zilikuwa zimetoka 51,210. Ndugu yake mkubwa, Single Action Army, ambayo nyundo yake hupandishwa kwa dole gumba, ilianza mwaka 1873 na namba zake zikafika 357,859 mwaka 1940. Maana yake, kwa kila moja ya 1878 kuna saba za Single Action Army. Ukiishia hapo utasema ile adimu ndiyo ghali. Lakini ukifika mnadani unakuta ile ya 1878 iliyotunzwa wastani inakwenda kati ya dola 1,000 na 2,500, ilhali Single Action Army ya umri uleule na hali ileile haishikiki chini ya dola 3,500, na mara nyingi inapita 6,000.

Bei za siku hizi zinazotajwa humu ni makadirio ya minada ya Marekani ya miaka ya karibuni, na hupanda na kushuka. Uwiano wake ndio usiobadilika sana, na uwiano ndio wenye mafunzo. Watu wengi wanaoanza kukusanya rivolva za risasi za ganda, zile zilizochukua nafasi ya bastola za kushindiliwa baruti kwa mkono, hufungua kitabu, wakatafuta idadi ndogo ya uzalishaji, wakaifukuzia. Naamini hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kupoteza fedha katika fani hii. Idadi ya kiwandani ni mwanzo tu wa hesabu. Kinacholipiwa ni chuma ambacho hakijaguswa tangu kilipotoka mikononi mwa fundi wa kwanza, pamoja na karatasi inayothibitisha hivyo.

Tuanze na mpaka wenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Kwa sheria ya shirikisho, bastola ya namna hiyo hailazimiki kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Inaweza kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine ikafika mlangoni kwa mnunuzi. Yapo majimbo yenye masharti makali zaidi, na mnunuzi ni lazima ajue ya kwake. Jambo la msingi ni kwamba mpaka huu hausogei. Gari hutimiza miaka na kuingia daraja la magari ya kale, lakini bastola ya mwaka 1899 haitaingia kamwe hata ifikishe miaka mia tatu. Kwa hiyo jumla ya mali hii ilishafungwa, na kila mwaka moto, mafuriko, kutu na mafundi wasiojua huipunguza.

Orodha za Colt zinaonyesha kwamba mwaka 1899 ulianzia karibu na namba 182,000 ya Single Action Army. Hiyo ni kama asilimia 51 ya zile zote 357,859. Chukua bastola mbili, moja namba 170,000 na nyingine 195,000. Kwa macho hazitofautiani, lakini kwa sheria ni vitu viwili mbalimbali. Ya kwanza ina soko pana zaidi, maana hata mtu asiyetaka usumbufu wa makaratasi ya serikali anaweza kuinunua, na upana huo huingia kwenye bei. Zile zilizo karibu na mpaka wenyewe ndizo zinazosumbua, na hapo barua ya kiwanda ndiyo huamua. Smith & Wesson nao wana jambo lao: New Model No. 3 ilitengenezwa kati ya 1878 na 1912, jumla 35,796, lakini miili yake yote ilikuwa imeshafuliwa kabla ya 1899. Sheria huangalia mwili wa silaha, hivyo hata iliyouzwa dukani miaka kumi baada ya mpaka huhesabiwa ya kale.

Chimbuko la namba hizi zote ni hataza moja. Tarehe 3 Aprili 1855 Rollin White, fundi aliyewahi kufanya kazi kwa Colt, alipewa hataza ya silinda iliyotobolewa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kabla ya hapo matundu ya silinda yalikuwa na kitako. Baruti na risasi viliingizwa kwa mbele na kushindiliwa. Horace Smith na Daniel Wesson wa Springfield, Massachusetts, walikuwa wameshapata risasi yenye ganda la shaba, na walichokosa ni tundu la kuipitishia kwa nyuma. Wakakubaliana kumlipa White senti 25 kwa kila rivolva, kwa sharti kwamba gharama za kuwashitaki waigaji zitakuwa juu yake mwenyewe. Sharti hilo lilimwelemea White kwa miaka mingi ya kesi, huku mkataba ukiwapa Smith na Wesson ukiritimba wa rivolva za kisasa hadi mwaka 1869.

Model 1 yao ilitoka mwaka 1857, ndogo ya kujificha kiganjani, yenye risasi saba za kaliba .22. Toleo lake la kwanza, lililoishia 1860, lilikuwa na bastola 11,671. Toleo la pili, lililopita katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, lilivuka 110,000, na la tatu, lililoendelea hadi 1882, likafika kama 131,000. Leo la tatu hupatikana kwa dola 300 hadi 600, la pili kwa 400 hadi 900, na la kwanza ni nadra kuliona chini ya 3,000, na mifano yake ya mwanzo kabisa huvuka dola 10,000. Hapa uadimu na bei vinakwenda pamoja, kwa sababu toleo la kwanza ndilo chanzo cha mkondo mzima na kila mkusanyaji wa Smith & Wesson hulitaka. Uadimu ulilipwa kwa kuwa ulikuta watu wanaousubiri.

Walioingia vitani na fedha kidogo mfukoni walijinunulia Model 2 Army, ya kaliba .32 na risasi sita. Zilitengenezwa 77,155 kati ya 1861 na 1874. Maofisa na askari wengi walizinunua kwa mishahara yao wenyewe, na hilo ndilo linalozipa joto la historia licha ya udogo wa risasi yake. Zinakwenda kati ya dola 800 na 2,000. Kwa maoni yangu hakuna rivolva ya kale yenye thamani kubwa hivi kwa bei ndogo hivi, na nitairudia mwishoni.

White aliomba aongezewe muda wa hataza yake. Bunge likakubali, Rais Ulysses Grant akaikataa sheria hiyo Januari 1870, na mlango ukawa wazi kwa kila kiwanda. Desemba 1870 jeshi la Marekani lilinunua Smith & Wesson No. 3 elfu moja, rivolva kubwa ya kaliba .44 inayokunjika katikati na kutema maganda yote kwa mara moja. Mwaka uliofuata Urusi iliagiza 20,000, na kufikia mwisho wa mikataba hiyo zilizokwenda Urusi zilikuwa karibu 131,000. Springfield ikajaa kazi ya mfalme wa Urusi, na wakati huohuo Colt wa Hartford walikuwa wakipeleka bastola yao mpya kwa majaribio ya jeshi la nyumbani.

Matokeo yalikuwa oda ya mwaka 1873 ya Single Action Army 8,000, kwa dola 13 kila moja. Askari wa kawaida wa Marekani wakati huo alilipwa dola 13 kwa mwezi. Bastola moja, mshahara wa mwezi mmoja. Raia aliyeitaka dukani aliinunua kwa dola 17 hivi. Kwa kupanda kwa gharama za maisha tangu wakati ule, dola 17 zile ni kama 480 za sasa. Kwa hiyo hata ile iliyochakaa kabisa, isiyobaki na rangi, ya dola 2,000, imeizidi kasi ya mfumuko wa bei mara nne.

Jeshi liliendelea kununua hadi mwaka 1891, na jumla ikafika kama 37,000. Hapa ndipo hesabu ya zilizobaki inapokuwa na uzito kuliko ya zilizotengenezwa. Bastola hizo zilitoka kiwandani na mtutu wa inchi 7½. Kuanzia mwaka 1895 jeshi lilizikusanya maelfu, zaidi ya 14,000, likazifungua, likakata mitutu kuwa inchi 5½ na kuziunganisha upya bila kujali namba zipi zilikuwa pamoja. Mwili wa bastola ya 1874 ukapata mtutu wa 1882 na mlinzi wa kifyatulio wa 1879. Wakusanyaji wanaziita Artillery, na kwa hizo namba zisizolingana ni dalili njema. Ukizitoa hizo katika 37,000, zinabaki zisizofika 23,000. Toa zilizopotea mipakani, zilizoibwa, zilizoungua na zilizouzwa kama vyuma chakavu. Toa zilizopita kwa wafanyabiashara wa mabaki ya jeshi kama Francis Bannerman wa New York, wakazing'arisha ili ziuzike. Kinachobaki na mtutu wake mrefu, namba zake zote na mihuri yake ya ukaguzi ni sehemu ndogo sana. Zile za mwanzo zilizokaguliwa na Orville Ainsworth, mwenye alama O.W.A., ndizo za kundi ambalo Kikosi cha Saba cha Farasi kilibeba kwenda kwenye vita vya Little Bighorn Juni 1876. Iliyo halisi huanzia karibu dola 10,000 na kwenda mbali.

Ushindani wa Schofield ulikuwa mfupi. Smith & Wesson waliirekebisha No. 3 kwa mapendekezo ya Meja George Schofield, wakatengeneza 8,969 kati ya 1875 na 1877. Risasi yake ilikuwa fupi kuliko ya Colt: ya Schofield iliingia katika Colt, ya Colt haikuingia katika Schofield, na jeshi lenye ghala moja halikuweza kuvumilia hali hiyo. Baadaye baadhi ziliuzwa kwa Wells Fargo, wakazikata mitutu kwa ajili ya walinzi wa mizigo. Schofield ya kawaida leo ni dola 4,000 hadi 8,000. Linganisha na rivolva ya .38 ya kiwanda hichohicho, iliyotengenezwa karibu 554,000 kati ya 1880 na 1911: dola 250 hadi 400. Kwa kila Schofield moja kuna .38 sitini na mbili, lakini bei haitofautiani mara sitini. Inatofautiana kama mara ishirini.

Sasa tuje kwenye rangi, maana ndiyo inayokula fedha nyingi. Chama cha kitaifa cha wenye bunduki cha Marekani kina kipimo cha hali ya silaha za kale ambacho soko zima hukitumia. Daraja la juu baada ya ile iliyo mpya kabisa hutaka sehemu zote ziwe za asili na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwandani iwepo. Linalofuata hutaka zaidi ya asilimia 30. La tatu hukubali rangi kutoka 30 mpaka sifuri, ilimradi kila kipande kiwe cha asili. Chini ya hapo ni bastola zilizobadilishwa vipande. Chukua Single Action Army ya kiraia ya miaka ya 1880. Ikiwa imebaki chuma cha kijivu, dola 2,000 hadi 3,000. Ikiwa na asilimia 30 ya rangi, 5,000 au 6,000. Ikivuka 80, kuanzia 15,000 na kuendelea. Unene wa rangi hiyo, ule weusi wa buluu kwenye mtutu na madoa ya zambarau na kahawia kwenye mwili uliookwa katika mkaa wa mifupa, hauhisiki hata kwa ukucha. Mnunuzi analipa dola 10,000 za ziada kwa ajili yake.

Ndiyo maana kupaka rangi upya ni uharibifu, na nasema hivyo kwa uchungu. Fundi mzuri huchukua dola 1,000 hadi 2,000 kuirudisha bastola iwe kama mpya. Bastola ya dola 5,000 yenye asilimia 30 inatoka kwake iking'aa, na sokoni inashuka hadi 3,000. Mwenyewe amelipa ili apoteze. Hasara ya fedha ni ndogo kuliko ile nyingine: msasa umeondoa alama za ala ya ngozi iliyosugua mtutu kwa miaka arobaini, umelainisha mihuri ya mkaguzi, na umefuta ushahidi ambao hakuna maabara itakayourudisha.

Ukiishika moja mkononi, utaona jinsi ushahidi huo unavyosomwa. Ina uzito wa kilo moja na kitu. Igeuze tumbo juu: namba inapaswa kuonekana sehemu tatu, chini ya mwili mbele ya mlinzi wa kifyatulio, kwenye mlinzi wenyewe, na kwenye kitako cha uti wa mpini. Zote ziwe za mwandiko mmoja na kina kimoja. Ubavuni kushoto kuna tarehe za hataza, Septemba 19, 1871 na Julai 2, 1872, na za baadaye zina Januari 19, 1875. Angalia kingo za herufi. Chapa ilipopigwa kiwandani chuma kilisukumwa kidogo juu, kisha kikasuguliwa kabla ya rangi. Herufi zikiwa na mipaka iliyotapakaa kama wino kwenye karatasi mbovu, mtu amepita na gurudumu la kung'arishia. Angalia vichwa vya skrubu: pale mwili ulipopunguzwa kwa msasa, skrubu huchomoza au tundu lake huwa kama kisahani. Pandisha nyundo taratibu, na utasikia milio minne, kila mmoja mahali pake. Mlio ukikosekana, meno yamelika au yamechongwa. Kwa bastola ya jeshi, tazama herufi U.S. ubavuni. Watu wamekuwa wakizipiga herufi hizo kwenye bastola za kiraia kwa miongo mingi, kwa kuwa herufi mbili huongeza maelfu ya dola. Kitabu cha Graham, Kopec na Moore cha mwaka 1976 kuhusu Single Action Army ndicho kilichowapa wakusanyaji uwezo wa kuzitenganisha, na barua za uchunguzi za John Kopec zinaongeza bei ya bastola yoyote ya jeshi zinapoambatanishwa nayo.

Barua ya kiwanda ni jambo jingine. Colt na Smith & Wesson wamehifadhi vitabu vyao vya kusafirisha bidhaa, na kwa ada ya karibu dola 100 mtunza kumbukumbu hutafuta namba yako na kukuandikia: ilitoka tarehe fulani, ikiwa na mtutu wa inchi kadhaa, rangi fulani, mpini wa kitu fulani, ikaenda kwa duka fulani la St. Louis au Denver. Dola mia hizo zinaweza kuongeza dola elfu, au kuangusha elfu tatu ikigundulika kwamba bastola yako ya nikeli ilizaliwa nyeusi. Kampuni ya Merwin, Hulbert, ambayo bastola zake zilitengenezwa na Hopkins & Allen wa Norwich, Connecticut, ilikufa na vitabu vyake havikubaki. Ufundi wake ulikuwa wa hali ya juu kabisa, mtutu unaozungushwa na kuvutwa mbele ili maganda matupu yaanguke na risasi nzima zibaki. Bado bei yake ni nusu ya Colt ya ukubwa uleule au pungufu, na kukosa karatasi ni sababu mojawapo.

Kilele cha thamani ya karatasi kilionekana Agosti 2021, mnada wa Bonhams mjini Los Angeles, ilipouzwa Single Action Army namba 55093. Ndiyo ambayo Sherifu Pat Garrett alimwulia jambazi Billy the Kid huko Fort Sumner, New Mexico, tarehe 14 Julai 1881. Garrett aliipata kwa mmoja wa wafuasi wa Billy waliokamatwa Desemba 1880 huko Stinking Springs. Makadirio yalikuwa dola milioni 2 hadi 3, nayo ikafika 6,030,313. Bastola ya namba jirani, hali ileile, isiyo na kisa, ingekwenda kwa dola 5,000 hivi. Chuma ni kilekile. Kisa kimeizidisha mara 1,200. Na kisa chenyewe kisingekuwa na thamani hiyo bila mlolongo wa nyaraka, pamoja na kesi ambayo mjane wa Garrett aliifungua miaka ya 1930 kudai bastola iliyokuwa mikononi mwa mmiliki wa baa ya El Paso, akashinda. Kumbukumbu za mahakama zilitengeneza kiungo ambacho hadithi ya mdomo isingeweza. Familia nyingi za Marekani zina bastola ya babu aliyedaiwa kupanda farasi na jambazi Jesse James. Bila karatasi, soko huzihesabu kwa bei ya chuma.

Hesabu ya mnunuzi wa kawaida ni ndogo zaidi lakini inauma vilevile. Tuseme mnadi anagonga nyundo kwa dola 4,000. Nyumba za minada, kama Rock Island ya Illinois au Morphy ya Pennsylvania, humtoza mnunuzi nyongeza. Tuchukue asilimia 20, dola 800. Kodi ya mauzo ya jimbo, tuseme asilimia 7 ya jumla hiyo, 336. Usafirishaji wenye bima 75, barua ya kiwanda 100. Bastola imeingia nyumbani kwa 5,311. Bima ya mkusanyo kwa dola 40 kila mwaka kwa miaka kumi ni 400. Siku ya kuuza, mnada unakata kamisheni ya muuzaji, tuseme asilimia 15. Ili arudishe fedha yake bila faida hata senti, nyundo lazima igongwe kwa dola 6,719. Hilo ni ongezeko la asilimia 68, yaani zaidi kidogo ya asilimia 5 kila mwaka kwa miaka kumi, na hapo hajafikia mfumuko wa bei. Anayekwambia kwamba bastola za kale ni uwekezaji wa uhakika ametaja bei ya nyundo mbili, ya kununulia na ya kuuzia, akaruka yaliyo katikati. Wanaopata faida hasa ni wale wanaonunua moja kwa moja kutoka kwa familia au kwenye maonyesho ya wakusanyaji, ambako ile asilimia 20 na ile 15 hazipo.

Kuna gharama moja inayogusa pwani yetu. Colt na Smith & Wesson waliuza bastola za mpini wa pembe ya ndovu kwa wateja waliolipa zaidi, na sehemu kubwa ya pembe iliyoingia Marekani karne ya 19 ilipitia Unguja. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani ni wa mwaka 1833. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta nguo na kuondoka na pembe. Connecticut hiyohiyo ya Colt ndiyo iliyokuwa na miji ya Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kuchonga pembe kuwa vitufe vya piano na vitana. Pembe hizo zilibebwa mabegani kutoka Tabora, Ujiji na Manyema hadi Bagamoyo, miezi njiani, na wengi wa waliozibeba hawakuwa huru. Mkusanyaji anayeshika mpini mweupe ulioiva kuwa rangi ya asali anashika mwisho wa njia hiyo, na ni haki ajue.

Kibei, mpini wa pembe uliothibitishwa na barua ya kiwanda ulikuwa ukiongeza dola elfu moja hadi tatu. Tarehe 6 Julai 2016 kanuni mpya ya shirikisho ilifunga karibu biashara yote ya pembe ya ndovu wa Afrika kati ya majimbo. Vitu vilivyozidi miaka 100 viliachwa, na vilevile vitu vyenye pembe isiyofika gramu 200 kwa masharti kadhaa. Mpini wa rivolva huwa chini ya gramu hizo. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji, California na New York wana sheria kali zaidi, na kuvuka mpaka wa nchi kunahitaji vibali vya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Nyumba za minada sasa huandika onyo chini ya kila bastola ya namna hiyo, na wanunuzi wa majimbo fulani hawaruhusiwi kunadi. Wanunuzi wakipungua, na ile nyongeza hupungua. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki. Ndovu wa Selous na Tsavo wameshagharimia mipini ya kutosha.

Sheria inaweza kubadili thamani usiku mmoja, na Uingereza wameliona hilo. Huko bastola ya kale inaweza kumilikiwa kama pambo bila kibali ikiwa risasi yake imepitwa na wakati. Tarehe 22 Machi 2021 kanuni mpya ziliondoa kaliba saba katika orodha hiyo, zikiwemo .44 Smith & Wesson Russian na .41 Colt, baada ya polisi kuzikuta mikononi mwa wahalifu waliojitengenezea risasi. Mwenye No. 3 ya mkataba wa Urusi, aliyoitundika ukutani kihalali kwa miaka thelathini, alipewa miezi sita aombe kibali, aiuze au aisalimishe. Bastola ileile nchini Marekani haikupoteza hata dola moja.

Aliye na dola 2,000 na hamu ya kuanza atakuta njia mbili mbele yake. Anaweza kununua .38 nne au tano za Smith & Wesson, nikeli imebanduka, katika zile 554,000; baada ya miaka kumi atakuwa na bastola nne au tano za kawaida. Mimi ningetafuta Model 2 Army moja, yenye zaidi ya nusu ya rangi yake, isiyoguswa na msasa, ikiwezekana yenye namba inayoangukia miaka ya vita, na ningekubali kulipa hadi 1,500 pamoja na nyongeza zote. Mia moja iende kwenye barua ya kiwanda. Mia nne zinazobaki ziende kwenye vitabu na nauli ya kwenda Cody, Wyoming, kwenye jumba la makumbusho la silaha, au Hartford, ambako Wadsworth Atheneum inahifadhi mkusanyo wa familia ya Colt yenyewe, ili macho yazoee rangi halisi ilivyo kabla ya kununua ya pili.